Muujiza, Karama na Mwigo: Khabari za Kubandwa katika Ngara na Biharamulo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewapa Mitume wake miujiza iwe ushahidi wa ukweli wao, na akawapa mawalii wake karama ziwe heshima kwao pasina wao kuzitafuta. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Ndugu Waislamu, katika mambo wanayoyazungumza watu wa pwani barazani baada ya sala ya isha, hapana lipendwalo kuliko khabari za maajabu. Mmoja husema fulani alivuka maji pasina chombo. Wa pili husema fulani aliomba mvua ikanyesha upande mmoja wa njia. Na wa tatu hutia lake, hatta usiku ukawa mkubwa. Wala hapana ubaya katika kuzitaja karama za mawalii, kwani kuzikubali ni katika itikadi ya Ahli Sunna. Ubaya ni mtu kutojua kupambanua baina ya karama na kitu kilichofanana nayo. Mtu huyo ni kama mfanya biashara asiyejua kupambanua fedha na bati: kila mwenye kumwonyesha king'aacho humpa mali yake.

Basi maneno haya yameandikwa kwa ajili ya kupambanua. Na mfano wake umechukuliwa bara, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera, ambako tangu zamani watu walikuwa na desturi ya kuvaa sifa za watukufu wao na kutenda maajabu kwa majina yao. Atakayesoma hatta mwisho ataona kuwa mfano huo hauko mbali na mlango wa nyumba yake.

FASLU YA KWANZA: KHABARI ZA NCHI NA DESTURI YAKE

Ngara ni pembe ya Tanzania inayokutana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvuvu hupita humo, ukaenda kuonana na maji ya Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na hapo ndipo maji hayo yanapokuwa mto Kagera. Nchi zake za asili ni mbili, Bugufi na Bushubi. Na Bugufi ilikuwa katika ufalme wa Burundi kabla ya Wazungu kuitenga nao baada ya vita vya 1914 mpaka 1918. Mashariki yake iko Biharamulo, nchi ya Rusubi, ambayo wazee wa pwani waliiita Usui. Wala si nchi ngeni kwa watu wa pwani, kwani misafara yao ilipita huko ikienda Karagwe na Buganda. Na mwaka 1861 Speke na Grant, pamoja na watu wao waliotoka Unguja, walizuiliwa Usui na mfalme Suwarora mpaka walipotoa hongo kubwa.

Desturi yenyewe huitwa kubandwa. Neno hili kwa lugha za huko maana yake ni kushikwa na kukaliwa na kitu kizito. Na Mswahili hulifahamu bila ya mkalimani, kwani hatta kwa Kiswahili kitu kikigandamishwa na kitu husemwa kimebandikwa. Watukufu wanaoitwa katika shughuli hiyo wana majina mengi. Kwa Warundi na jamaa zao mkubwa wao ni Kiranga. Kwa Wanyarwanda ni Ryangombe. Na upande wa Biharamulo na ziwa hutajwa Wachwezi, na miongoni mwao Wamara, na Mugasha mwenye ziwa, na Irungu mwenye mwitu na mawindo. Mwaka 1955 Hans Cory aliandika khabari za chama cha Buswezi upande wa Usukuma na Unyamwezi. Na mwaka 1981 Svein Bjerke, mtaalamu wa Norway, alitoa kitabu kizima juu ya Wachwezi kwa Wazinza, ambao ni jirani na jamaa wa watu wa Rusubi.

Katika visa vya Rwanda yasemwa kwamba Ryangombe alishindania ukubwa na mtu aitwaye Mpumutumucuni, nao wakashindana kwa bao, ambalo huko huitwa igisoro. Ryangombe akawa ashindwa, hatta akaja mwanawe Binego akamwonyesha mchezo, kisha akamwua yule mshindani. Na mwisho wa Ryangombe ulikuwa katika mawindo: mama yake alimkataza kwenda, akaenda, akapigwa pembe na nyati, akafa penye mti wenye maua mekundu. Basi huyo ndiye aliyefanywa mkubwa wa watukufu: mtu aliyeshindwa bao, akamwasi mama yake, akauawa na mnyama. Jambo hili ni la kuzingatiwa, na maana yake itakuja.

Siku ya shughuli, mmoja wa wakubwa wa chama alijipaka udongo mweupe, akashika mkuki, akaitwa Kiranga au Ryangombe. Mwingine akawa Binego mwenye hasira. Na kila mmoja akasema kwa sauti na tabia ya yule aliyemvaa. Watu hawakumsalimia kwa jina lake alilozaliwa nalo, bali kwa jina la mtukufu. Walimwomba mtoto, na afya, na mavuno, naye akajibu kama mwenye kumiliki hayo. Pombe ikatolewa, mwari akaingizwa kwa kiapo cha siri, na kukapambazuka. Na waliotazama kwa makini wameona kwamba wengi miongoni mwao hawapotewi na akili. Wao wajua wanalolitenda, na wajua kuwa kesho asubuhi yule Kiranga atakuwa tena jirani yao mwenye shamba la migomba. Siku hizi desturi hii imepungua sana, kwani wenyeji wengi wameingia Ukristo, na wengine Uislamu.

FASLU YA PILI: MAMBO YENYE KUVUNJA KAWAIDA

Wanavyuoni wa tauhidi wameyagawanya mambo yenye kuvunja kawaida ya ulimwengu mafungu, na yampasayo Mwislamu kuyajua ni matano.

La kwanza ni muujiza, nao ni wa Mitume peke yao, kama fimbo ya Nabii Musa ilipomeza vyote walivyovitupa wachawi wa Firauni. La pili ni karama, nayo ni ya walii, yaani Mwislamu mwenye kumjua Mola wake na kudumu katika twaa. Kama riziki aliyokuwa akiipata Bibi Maryamu katika mihrabu, na kama Sayyidna Umar alipokuwa juu ya mimbari Madina akamwita Saria aliyekuwa vitani Uajemi, na Saria akasikia. La tatu ni mauna, nayo ni msaada unaomfikia Mwislamu wa kawaida katika dhiki yake. La nne ni istidraji, nayo ni ajabu itokeayo kwa mikono ya muovu ili azidi kuzama, kama itakavyokuwa kwa Dajali. La tano ni ihana, nayo ni ajabu imfedheheshayo muongo, kama ilivyopokewa juu ya Musailima, kwamba alitaka kuyazidisha maji ya kisima, kisima kikakauka.

Ukiyatazama mafungu haya yote matano utaona yana sharti moja, nalo ni kwamba jambo lenyewe limetokea kweli. Ama mwigo hauwi fungu la sita, kwani katika mwigo hapana kilichotokea ila mtu kubadili nguo na sauti. Akisema msemaji, "Mbona mwele alipata nafuu baada ya ngoma?" hujibiwa kwamba hiyo si dalili. Maradhi mengi huondoka yenyewe kwa idhini ya Mungu, na moyo wenye khofu hutulia unapoona watu wamekusanyika usiku kucha kwa ajili yake. Wale walioondokewa na maradhi hukumbukwa na kutajwa. Na wale waliozikwa hawatajwi.

Kisha wanavyuoni wamebainisha tofauti nyingine, nazo ni mizani ambayo hatta asiyesoma aweza kuishika. Mtume huudhihirisha muujiza kwa kuwa ametumwa kuwaita watu, ilhali walii huificha karama yake, aona haya nayo kama mtu aonavyo haya kufunuliwa nguo. Mwenye kuvaa sifa za watukufu yeye hukusanya watu ili wamtazame. Tena Mtume na walii hawaimiliki ajabu: Mitume walipotakiwa miujiza walijibu kwamba hiyo iko kwa Mwenyezi Mungu, huileta apendapo. Ama yule aliyevaa hujibu papo hapo, na kila aombwalo hulikubali. Na ya mwisho, mizani ya walii si ajabu bali ni kusimama sawasawa juu ya sharia. Abu Yazid wa Bistam aliwaonya watu wasidanganyike na mtu waliyemwona akiruka angani, mpaka wamtazame yukoje mbele ya amri za Mungu na makatazo yake.

Na hapa yaja maana ya kile kisa cha bao na nyati. Ryangombe hakutukuzwa kwa wema wala kwa ibada, bali kwa nguvu anayodhaniwa kuwa nayo. Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya mtukufu wa kubandwa na walii wa Mungu: yule hutafutwa kwa atakachotoa, na huyu hufuatwa kwa njia anayoiendea.

FASLU YA TATU: MAS-ALA YA MCHEZO UNAOJULIKANA KUWA NI MCHEZO

Muulizaji aweza kuuliza: "Je, mtu akivaa sifa ya mtukufu, naye ajua, na wenziwe wajua, kuwa ni mchezo mtupu, hukumu yake ni ipi?" Swali hili lina maana leo, kwani mchezo wa namna hiyo umeenea duniani. Mwaka 1974 katika Marekani watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani. Mmoja wao ni msimulizi na mwamuzi, na kila mmoja wa waliobaki huvaa sifa ya mtu wa hadithi: huyu shujaa wa upanga, huyu mchawi, na huyu mtu wa ibada. Yule mtu wa ibada hupewa miujiza kwa hesabu. Cheo chake kikipanda nayo huongezeka, hatta akafikia daraja ya kumfufua maiti. Lenye shaka huamuliwa kwa kutupa dado. Na kisa kimoja huweza kuendelezwa miezi mingi, bali hatta miaka.

Jawabu ni kwamba hadithi kwa asili yake si uwongo, kwani uwongo ni kumfanya mtu asadiki lisilokuwa. Watu wa pwani husimulia visa vya Abunuwasi, wakacheka, wakaenda kulala. Hapana mtu aliyekwenda kumwomba Abunuwasi amponye mtoto. Kwa sababu hiyo kijana aliyeketi mezani na wenziwe, akijua kuwa anasimulia, hawi sawa na yule aliyeshika mkuki wa Kiranga mbele ya mama mwenye kulia. Kuwatia wote wawili katika hukumu moja ni dhulma, na mwenye elimu hadhulumu.

Walakini iko mipaka ambayo haivukwi. Mpaka mmoja ni Mitume. Mwaka 1926 mchezaji mashuhuri wa Misri, Yusuf Wahbi, alikubali kuvaa sifa ya Mtume Muhammad katika picha ya sinema, na wanavyuoni wa Azhar wakalikataza jambo hilo kwa nguvu, akaliacha. Sababu yake ni wazi: mwenye kumvaa Mtume leo atamvaa mlevi kesho, na uso mmoja ukabaki katika macho ya watu kwa wote wawili. Mpaka wa pili ni dado zenyewe, kwani kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii ni kuwa mchezo wenye kutegemea dado ni haramu, hatta pasipowekwa mali. Na mpaka wa tatu hauonekani kwa macho, nao ni moyo. Katika mchezo huo muujiza ni akiba ya mchezaji. Aihesabu, aitumia, na kesho yake apewa nyingine. Kijana akizoea hesabu hiyo yamkini akamdhania walii kuwa ni mtu mwenye akiba ya nguvu, ambaye akilipwa au akibembelezwa hutoa. Na dhana hiyo ndiyo ile ile iliyowakusanya watu mbele ya Kiranga.

FASLU YA NNE: KILINGE CHA PWANI

Sasa na arejee msomaji nyumbani kwake. Mwanamume wa pwani akisikia khabari za mtu wa Ngara aliyejipaka udongo mweupe hucheka, akasema, "Hao ni watu wa bara." Na huenda jioni ile ile akatoa fedha za chano, na ubani, na mavumba, kwa ajili ya ngoma ya pepo nyumbani kwake, kisha akajitetea kwa kusema kuwa hayo ni mambo ya wanawake. Huko Unguja iko ngoma ya kibuki, ambayo wafalme wa Bukini waliokwisha kufa huitwa wakapanda vichwani mwa viti vyao. Nao huvishwa mavazi ya kifalme, husemeshwa kwa adabu, na hunyweshwa mvinyo mkali katika mji wa Waislamu. Basi ni nini kilichozidi baina ya kiti cha kibuki na mtu wa Kiranga? Majina yamebadilika, na nguo, na kinywaji. Mwigo ni mmoja.

Na lililo baya kuliko hilo ni mtu kuvaa uwalii wenyewe: akafunga kilemba, akavaa joho, akashika tasbihi ndefu, akatangaza kuwa ana karama, kisha akaweka bei ya kila karama. Yule wa Ngara alivaa jina la Kiranga. Huyu avaa jina la Mwenyezi Mungu. Dhambi yake ni kubwa zaidi, kwani huwatia watu shaka katika mawalii wa kweli siku wanapomgundua.

Wala mtu asidhani kuwa khasara ya jambo hili ni fedha tu. Wazazi wa pwani wayajua maradhi ya degedege: mtoto hupata homa, akakaza macho, akatetemeka viungo. Wengi walikuwa wakiitakidi kuwa ni shetani aliyemjia mtoto kwa sura ya ndege, wakamchukua kwanza kwa fundi. Matabibu wamebainisha kuwa mara nyingi hiyo ni malaria kali iliyopanda, na kwamba saa chache za kungoja huweza kuwa ndizo saa za uhai wake. Mtoto huyo akifa kilingeni, si pepo aliyemwua. Ameuawa na kuchelewa, na sababu ya kuchelewa ni kwamba baba yake hakujua kupambanua karama na mwigo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amewaamrisha watu watafute dawa. Na dua haimzuii mtu kwenda hospitali, wala hospitali haimzuii kuomba dua.

FASLU YA TANO: MFANO WA MWENYE KUFUATWA

Mwenye kutaka kumwona mtu wa heri na asitazame udongo mweupe wala joho. Na atazame Bagamoyo. Huko aliletwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, mtu wa bara ambaye waungwana wa mji hawakumhesabu kuwa kitu. Akasoma, akadumu katika kusoma, akasomesha, hatta akawa shekhe wa tarika ya Qadiriya, na watu wakamjia kutoka miji mingi. Huyo ndiye Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Kupandishwa kwake kutoka utumwani mpaka kwenye uimamu wa watu, kwa elimu na subira, kwatosha kuwa funzo kwa mwenye macho. Hapo hapana nguo iliyovaliwa usiku ikavuliwa asubuhi.

Kwa hivyo mtu wa pwani aendaye Ngara au Biharamulo kwa biashara au kwa kazi, asiwacheke wenyeji kwa desturi za wazee wao, kwani dhihaka haijapata kumwongoa mtu. Na awaonyeshe uaminifu katika mizani, na sala kwa wakati wake, na ulimi safi. Hayo ndiyo yatakayowafanya waulize juu ya dini yake. Na akirudi nyumbani, asitoe mali yake kwa mwigo wowote, uwe wa pepo au wa kilemba. Na awakumbuke wachawi wa Firauni. Wao walikuwa mafundi wa mchezo wao, wakijua mwanzo wake na mwisho wake. Kwa hivyo ulipokuja muujiza wa kweli wao ndio waliokuwa wa kwanza kuanguka kusujudu, ilhali Firauni, aliyekuwa mtazamaji tu, alibaki katika upofu wake. Mwenye kujua mchezo ni nini huupata ukweli upesi. Na asiyejua huishi na kufa kilingeni.

Ewe Mola, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Waponye wagonjwa wa Waislamu, uwahifadhi watoto wao, na uwasitiri mawalii wako kama walivyopenda kusitirika. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.